Mpambe wa Harusi Tunamjua, Mpambe wa Mnada Tumkatae



Leo hatuna habari ya rangi za hina wala mtindo wa mtandio. Leo tuna neno zito, na tunaomba mlisome mpaka mwisho kabla hamjatuandikia. Linahusu hii minada ya mitandaoni ambayo sote tumeizoea: picha inawekwa, bei ya kuanzia inatajwa, kisha watu wanaanza kupandisha dau mpaka saa nne usiku. Makasha ya kale, mikufu ya bibi, buli za shaba, kanga za zamani ambazo hazijafuliwa, sarafu, mavazi ya makabila ya bara. Kila kitu sasa kina mnada wake. Na katika mingi ya minada hiyo kuna mtu mmoja ambaye hanunui, hakusudii kununua, na hata akishinda hachukui. Kazi yake ni kumpandisha mwenzake.

Huku kwetu mpambe ni yule anayekaa ubavuni mwa bibi harusi, amfutaye jasho na kumnong'oneza asiogope. Kwenye mnada, mpambe ni yule anayekaa ubavuni mwa muuzaji. Wa kwanza anamsitiri mwanamke. Wa pili anamvua.

Lililotutia mwiba

Mwaka huu mmoja wa wasichana wetu anaolewa na kijana wa Manyara. Baba yake kijana ni mtu wa Katesh, wilaya ya Hanang, na bibi yake mzaa mama bado yupo, anaishi upande wa Kainam, juu ya Mbulu mjini. Bibi ni Mwiraqw, hao ambao sisi huku huwaita Wambulu. Bibi harusi wetu aliwahi kupelekwa kumuona, na katika mazungumzo akasikia kwamba ujanani mwake bibi alikuwa na sketi ya ngozi iliyonakshiwa shanga, aliyoirithi kwa mama yake. Mwaka ambao mvua ilikatika, mchuuzi alipita nyumba kwa nyumba akaichukua.

Kwa wasiozijua, sketi hizo si nguo ya kuvaa na kuvua. Zamani binti wa Kiiraqw aliyevunja ungo aliingia katika kipindi cha kuwekwa ndani kilichoitwa marmo, akakaa na wenzake wakifundwa na wanawake wakubwa. Mwenye unyago wake hapa visiwani ataelewa mara moja. Wakiwa humo ndani, walishona shanga kwenye ngozi, siku kwa siku, mistari na maumbo, na walipotoka walitoka nazo. Desturi ile ilikoma karibu na mwaka 1930. Sketi zilizobaki ni chache, na nyingi leo ziko kwenye makumbusho na mikononi mwa wakusanyaji wa Ulaya na Marekani, ambako huuzwa kwa mnada kama vitu vya sanaa.

Bibi harusi wetu akasema: zawadi yangu kwa bibi itakuwa sketi. Si ile yenyewe, maana ile haijulikani iko wapi, bali mfano wake. Tukafurahi sote. Mara ngapi mwali anafikiria kumpa mtu kabla hajafikiria atakachopewa?

Haikupita wiki mbili, sketi ikaonekana mtandaoni. Muuzaji, ambaye hatutamtaja, alikuwa na ukurasa wenye wafuasi wengi. Maelezo yake yalisema ni vazi la Kimasai, limeokolewa katika tope la Katesh, na kwamba sehemu ya fedha itakwenda kwa wahanga. Kijana wetu aliitazama picha akacheka kwa uchungu. Si ya Kimasai, alisema. Hata ya Wabarabaig si yenyewe, maana sketi ya mwanamke wa Kibarabaig ni ngozi iliyochanwa mishipi mirefu inayoyumba akitembea. Hii ina shanga zimeshonwa kwa mafungu. Hii ni ya Mbulu.

Bei ya kuanzia ilikuwa shilingi 150,000. Tukaweka dau letu. Kila tulipoweka, dakika mbili hazikupita mtu mmoja aliongeza elfu hamsini. Siku zote elfu hamsini. Tulipofika 600,000 tukaanza kukopa kwenye kikoba. Tulipofika 900,000 bibi harusi akasema atapunguza kwenye gauni. Yule mtu akaandika 1,100,000. Tukakaa kimya, tukazima simu, tukalala na majonzi.

Asubuhi muuzaji akatutafuta kwa ujumbe wa faragha. Mshindi amepata dharura, alisema, ninyi ndio wa pili, chukueni kwa 1,050,000, bei yenu ya mwisho.

Tukaanza kurudi nyuma katika ukurasa ule. Yule mshindi alikuwa amepandisha dau katika minada kumi na moja ya muuzaji yuleyule. Hakuna hata mmoja aliochukua mali. Hakuna ukurasa mwingine alioweka dau. Na katika picha ya Idi, alikuwa amekaa kochi moja na muuzaji, wameandikiwa maneno ya udugu. Hatukuhitaji shahidi wa tatu.

Hii ina jina, na jina lake ni la kale

Dada zetu wengi wakisikia habari hii husema, ah, ni ujanja wa mjini, ndiyo biashara ilivyo. Hapana. Ujanja huu una umri wa zaidi ya miaka elfu moja na mia nne, na jina lake ni najshi.

Najshi ni mtu kuongeza bei ya kitu asichokitaka, ili mwingine ahadaike. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Umar (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) ameikataza. Katika mapokezi ya Abu Hurayra (r.a.) imetajwa pamoja na kuoneana husuda na kuchukiana, yaani imewekwa katika orodha ya mambo yanayovunja undugu, si katika orodha ya mambo madogo ya sokoni. Na sahaba Ibn Abi Awfa (r.a.) alimweka mfanya najshi kundi moja na mla riba na mhaini. Sisi tunaokimbia riba ya benki kwa mbio zote, tumewahi kujiuliza tunafanya nini kwenye minada yetu?

Tufahamiane hapa: mnada wenyewe si haramu. Imepokewa na Tirmidhi kutoka kwa Anas (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) aliuza tandiko na kikombe cha mtu maskini wa Kiansari kwa kuwauliza watu nani ataongeza, mmoja akatoa dirhamu moja, mwingine akatoa mbili, akapewa wa mbili. Mnada uliofanywa kwa mkono mtukufu ulikuwa na watu wawili wa kweli na bei mbili za kweli. Hakuna aliyepangwa. Angetaka, masahaba wote pale wangepandisha mpaka dirhamu kumi kwa ajili ya maskini yule. Mtu akitaka kumsaidia maskini alikuwa na mlango wa sadaka ulio wazi. Mlango wa mnada ukabaki mlango wa mnada.

Kuna wanaosoma kidogo wakatujibu: madhehebu yetu ya Shafi hayampi mnunuzi hiari ya kurudisha mali kwa sababu ya najshi, basi mauzo yanasihi, mambo yamekwisha. Ni kweli kwamba kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu, kama alivyoiandika Imam Nawawi, ni kuwa mnunuzi hana hiari, kwa kuwa alizembea kuuliza thamani. Wamaliki na Wahanbali wanampa hiari, kila mmoja kwa masharti yake. Lakini hakuna dhehebu hata moja lililosema mfanya najshi hana dhambi. Kusihi kwa mauzo ni habari ya mali imekwenda kwa nani. Dhambi ni habari ya wewe na Mola wako. Anayejificha nyuma ya hukumu ya kwanza ili akwepe ya pili, anaificha pua akiacha uso mzima nje.

Na sheria za nchi nazo hazikulala. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya Tanzania Bara, Sura ya 214, inafuata msingi wa kale wa Kiingereza: kama haikutangazwa kwamba muuzaji ana haki ya kuweka dau, basi yeye mwenyewe haruhusiwi kuweka wala kumtuma mtu amwekee, na mnunuzi anaweza kuyahesabu mauzo hayo kuwa ya udanganyifu. Kwa hiyo anayesema "hakuna sheria mtandaoni" anajidanganya.

Namna inavyofanyika

Msidhani ni jambo la visiwani tu. Mwaka 2000, katika mnada wa eBay huko Marekani, picha moja ya kuchorwa iliwekwa na mtu aliyejifanya hajui thamani yake. Watu wakadhani ni kazi ya mchoraji mashuhuri Richard Diebenkorn, dau likapanda mpaka dola 135,805. Kisha ikagundulika muuzaji mwenyewe alikuwa ameweka dau kwenye mali yake. Mauzo yakafutwa, na uchunguzi ukaonesha yeye na wenzake wawili walitumia majina ya bandia zaidi ya 40 kupandishiana. Muuzaji huyo, Kenneth Walton, alikuwa mwanasheria. Alikiri kosa mahakamani, na uanasheria ukamtoka.

Miaka iliyofuata, huko Chicago, Bill Mastro, mwenye nyumba kubwa ya mnada wa kumbukumbu za michezo, alikiri mwaka 2013 kwamba walikuwa wakiweka madau ya uongo kupandisha bei. Mwaka 2015 alihukumiwa kifungo cha miezi 20. Watu waliomwamini miaka mingi, waliolipa kwa furaha wakidhani wameshindana na wapenzi wenzao wa vitu hivyo, waligundua walikuwa wakishindana na kivuli.

Katika mitandao mikubwa kuna utaratibu wa kuandika kiwango chako cha juu kwa siri, mashine ikakuwekea dau kidogo kidogo. Mpambe anaupenda sana. Anaongeza hatua ndogo ndogo ili apapase kiwango chako kilipo, kama mtu anayepima kina cha maji kwa mti. Akikikaribia, anakaa pembeni. Wewe unashinda, unapiga vigelegele, kumbe umelipa senti ya mwisho uliyokuwa nayo moyoni.

Katika minada yetu ya kwenye simu mambo ni mepesi zaidi. Hakuna mashine, hakuna mkaguzi, hakuna jina la kweli. Shemeji mmoja mwenye laini mbili anatosha.

Upande wa pili wa sketi

Sasa rudini nasi Mbulu, maana wengi tukiisema najshi tunaishia kwa mnunuzi aliyeumia. Tumsahau bibi?

Bibi harusi wetu na mchumba wake, pamoja na mmoja wetu kama mahramu wa kike wa safari na kaka yake bibi harusi, walikwenda Manyara baada ya mnada ule. Boti mpaka Dar es Salaam, basi mpaka Babati, kisha kupanda mlima kwenda Mbulu. Hawakuwa na sketi. Walikwenda na vitenge, sukari na salamu. Kijana akamsimulia bibi kisa chote kwa Kiiraqw, kwa nia ya kumchekesha.

Bibi hakucheka. Aliuliza bei ilifika ngapi. Akaambiwa. Akaomba aambiwe tena. Kisha akasema maneno machache, kijana akasita kabla ya kutafsiri. Alisema: "Mimi alinipa gunia la mahindi, na akaniambia amenihurumia."

Mtume (s.a.w.) amekataza pia kuwatokea wenye bidhaa njiani kabla hawajafika sokoni, na mapokezi ya Muslim yanasema mwenye mali aliyetokewa hivyo ana hiari atakapofika sokoni na kuijua bei. Kwa nini? Kwa sababu asiyejua bei ananyang'anywa huku akitabasamu. Mchuuzi anayepita vijijini mwaka wa njaa, akimwambia ajuza kwamba kitu chake ni kichakavu hakina mnunuzi, huku akijua wapi atakipeleka, amefanya jambo hilohilo lililokatazwa, tofauti ni kwamba yeye hutumia pikipiki badala ya ngamia.

Zitazameni ncha mbili za biashara hii. Ncha ya kwanza, Mbulu: mwanamke anaambiwa kitu chake hakina thamani. Ncha ya pili, kwenye simu zetu: mwanamke anaambiwa kitu kilekile kinagombaniwa. Uongo wa kushusha na uongo wa kupandisha, na katikati yake mtu mmoja anachota. Walioumia wote wawili ni wanawake, na kila mmoja alidhani kosa ni lake.

Na hapo hatujataja kwamba vitu vya kale vina sheria yake. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inataka kibali kabla vitu hivyo havijatolewa nchini. Mkiona muuzaji anajisifu kwamba anatuma sketi za Mbulu au milango ya kale mpaka Ulaya "bila usumbufu", jiulizeni usumbufu gani anaoukwepa.

Kuhusu tope la Katesh

Desemba 3, 2023, tope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang yakaifunika Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walifariki. Kijana wetu alipoteza jamaa. Mtu anapoandika chini ya picha ya bidhaa yake kwamba "imeokolewa katika tope la Katesh", wakati haijawahi kufika Katesh, anafanya biashara juu ya makaburi. Dau linapanda kwa huruma, na huruma ndiyo mpambe mkubwa kuliko wote, maana haihitaji hata laini ya pili.

Lakini tukisema hayo tukanyamaza, tutakuwa wanafiki. Kwa hiyo sikilizeni na letu.

Letu sisi

Desemba ileile, sisi wenyewe tuliendesha mnada wa hisani kwa ajili ya Hanang. Mnaukumbuka. Mlituletea kanga, udi, bangili, na mama mmoja akatoa kasha dogo la njumu. Siku ya pili mnada ulipoa. Tukaambizana kwenye kikundi chetu: tuupashe moto kidogo. Mmoja wetu akafungua jina lingine, akaanza kuongeza. Hatukujiona waongo. Tulijiona werevu katika njia ya kheri. Fedha zote zilikwenda kwa wahusika, hatukula hata mia.

Kasha lile lilichukuliwa kwa shilingi 380,000 na dada mmoja anayeuza urojo, aliyekuwa akimtafutia binti yake kitu cha chumbani. Bila jina letu la bandia angelipata kwa 210,000, maana hilo ndilo dau la mwisho la mtu wa kweli aliyeshindana naye.

Tuliporudi kutoka Mbulu hatukuweza kulitazama jambo lile tena kama zamani. Tulimwendea. Tukamwambia yote, tukamrudishia 170,000 kutoka mifukoni mwetu, na tukamwambia kama anataka kurudisha kasha lenyewe, tutalipokea na fedha zake zote atapewa. Alitunyamazia kwa muda. Kisha akasema: "Nilijua. Kila nikimaliza kuandika, yule mtu alikuwa ameshaandika. Lakini nilisema, ninyi hamuwezi."

Neno hilo la mwisho ndilo lililotufanya tuandike leo. Hakusema hamkuwa na haki. Alisema hamuwezi. Alitudhania vyema kuliko tulivyostahili, na sisi tulizitumia dhana zake njema kama mtaji.

Sadaka haisafishi najshi. Yule dada hakukusudia kutoa sadaka ya 170,000. Alikusudia kununua kasha. Sadaka ni ile mtu anayoitoa kwa ridhaa, akijua. Kumtoa mtu fedha kwa hadaa kisha kuzipeleka pema, ni kumwibia yeye fedha na kumwibia pia thawabu ya nia yake. Ilikuwa bora mnada ule upoe, tukusanye nusu ya tulichokusanya, na tukasimame mbele ya Allah na nusu iliyo safi.

Majibu kwa wanaosema

Mnasema: bei ni maelewano, hakuna aliyemshika mtu mkono. Tunasema: maelewano ni baina ya wanaojua. Uliyempangia mpinzani wa uongo hakuelewana nawe, alielewana na kivuli.

Mnasema: muuzaji naye anaogopa mali yake isiende kwa bei ya kutupa. Tunasema: ana haki. Na aandike wazi bei ya chini ambayo hauzi chini yake. Neno moja la kweli linamtosha, kwa nini atumie majina matatu ya uongo?

Mnasema: kila mtu anafanya, hata minada ya mitumba kuna mtu anayejifanya ananunua ili wengine wachangamke. Tunasema: tunajua, tumewaona. Wingi wa wanaofanya haujawahi kuwa dalili.

Mnasema: mnunuzi ana akili zake. Tunasema: bibi wa Kainam naye ana akili zake, na zinazidi zetu. Aliyekosa si akili, ni habari. Na aliyeificha habari ndiye mwenye kuulizwa.

Tunafanyaje basi

Enyi mabibi harusi, na mama zenu mnaokusanya vyombo, shikeni haya. Kabla hujaweka dau, uliza watu watatu thamani ya kitu, kisha andika kiwango chako kwenye karatasi na uiweke mbali na simu. Mtazame mpinzani wako: je, hununua kwa wengine, au hutokea kwa muuzaji huyu tu? Amewahi kupokea mali? Huongeza hatua ileile kila mara, na upesi mno? Ukishindwa, halafu kesho ukaambiwa mshindi amekimbia nawe uchukue kwa dau lako la mwisho, usichukue kwa bei hiyo. Kama unakitaka kweli, rudi kwenye dau la mwisho la mtu mwingine wa kweli, uanzie hapo. Muuzaji mkweli atakuelewa. Mwongo atakasirika, na hasira yake itakuwa jibu.

Wauzaji, mlio dada zetu: tangazeni bei ya chini. Msiruhusu ndugu, mume wala mfanyakazi wenu kuweka dau. Andikeni kitu kimetoka wapi, kwa jina la watu wake, na cha Mbulu kiitwe cha Mbulu. Na mnaponunua bara kwa ajuza, mwambieni mnakwenda kuuza kwa kiasi gani. Mkiona haya kumwambia, basi mmeshajihukumu.

Na sisi, kuanzia leo, hatutaendesha wala kutangaza mnada wowote ambao wenye kuweka dau hawajulikani kwa majina yao. Tutakapokusanya kwa ajili ya maafa tutasema ni sadaka, mkono utoe kwa kupenda. Yeyote aliyenunua kwetu Desemba ile na anahisi alipandishwa, aje. Daftari lipo, na tunajua ni madau yapi yalikuwa yetu.

Mtu mmoja wa Marekani, George Klima, aliyeishi na Wabarabaig wa Hanang miaka ya 1950, aliandika kwamba wanawake wa huko walikuwa na baraza lao. Mwanamume aliyemvunjia mwanamke heshima aliitwa, akahukumiwa nalo, akatozwa ng'ombe. Hawakungoja mtu wa nje aje awatetee. Sisi tuna elimu ya dini, tuna simu, tuna vikundi vya mamia ya wanawake, na tunashindwa kumwambia shoga yetu mmoja: futa dau lako, unajua hulitaki?

Bibi harusi wetu hakununua sketi. Fedha zile za kikoba zilirudi kikobani, na gauni likabaki kama lilivyopangwa. Harusi ni baada ya Mfungo Mosi, inshaallah, na bibi wa Kainam amesema atakuja, akiwa na nguvu. Ameuliza kama baharini kuna baridi.

Allah atusamehe tuliyoyafanya kwa kujua na kwa kutojua, na azitakase riziki zetu. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.